Asilimia Tisini na Nne

Kurasa arobaini na tatu za karatasi ngumu,
nyeupe kama reli za tramu asubuhi hii ya Januari,
zimetoka kwenye printa ya ofisi moja baada ya nyingine,
meneja akiwa likizo.
Nimezipandisha ndani ya koti hadi ghorofa ya nne,
Łódź nzima ikiteleza chini yangu.

Kichwa cha Mlinzi wa Lango la Saba
kimo humu, kimelala bapa,
kimechanguliwa kama kuku wa mchuzi:
shavu hapa, kisogo kule,
pembe mbili zisizojua kwamba ni pembe.

Huyu aliniua mara sitini na mbili.
Nilihesabu. Kila nikivuka daraja
ananisubiri, hasemi, hainui uso,
na mimi chali, na skrini nyekundu.
Mara ya sitini na tatu akaanguka yeye.
Sikushangilia. Nilitazama tu
kofia yake ya chuma ikibiringika hadi ukingoni,
nikasema: hiyo naitaka.

Basi nakata.
Mstari mzima ni wa kisu.
Mstari wa nukta ni mlima, ukunje uinuke;
wa nukta na vistari ni bonde, ukunje uzame.
Kalamu iliyokauka wino ndiyo jembe langu,
inachimba mfereji bila kuacha neno.
Na kila kipande kina vilimi pembeni,
vilimi vyenye namba:
mia moja na kumi na saba inaitafuta mia moja na kumi na saba
meza nzima, chini ya sahani, chini ya paka,
na ikiipata, gundi,
na kidole kibane mpaka hesabu ya thelathini.
Usiku wa kwanza nilipata pua.
Usiku wa tisa, shavu la kushoto,
ambalo asubuhi lilikuwa la kulia.

Mama anapita na chai yake.
Bronisława, miaka ishirini na sita mkataji
kiwandani, kabla milango haijafungwa
na mashine kuuzwa kwa kilo.
Anakitazama kisu changu
kama anayemtazama mkwe akimenya kiazi.
"Umepima kichwa?"
Nimepima.
"Kwa utepe gani?"
Wako.
"Na karatasi, umeipima?"
Sikujibu. Karatasi nayo hupimwa?

Wiki ya nne, pembe zimesimama.
Ndani namba tupu, kama ukuta wa mfungwa;
nje, pembetatu mia nane zimekubaliana kuwa kuba.
Hakuna iliyojipinda.
Kila moja imeinamia jirani yake kidogo tu,
na bapa limekuwa fuvu.
Nilizima taa ya juu, nikawasha ya dirishani:
alikuwepo. Mezani, karibu na chumvi.
Nikanyamaza kama pale darajani.

Kisha nikakivaa.
Kikafika masikioni, kikagoma.
Nikasukuma. Kilimi kimoja kikaachia, pa.

Kesho yake niliirudia printa, nikakiona
kijisanduku chenye alama ya vema
aliyoitia mtu nisiyemjua:
punguza ili ienee ukurasani.
Asilimia tisini na nne.
Zimepotea sita tu,
lakini sita za kichwa ni masikio mawili.

Mama hakucheka. Hilo liliniuma zaidi.
Aliweka kikombe, akafungua vibanio,
mvi zikashuka, akainama
kama anayepita mlango mfupi,
akaingia.
Kikamkaa kama alikatiwa yeye.

Mlinzi wa Lango la Saba
alisimama jikoni kwetu na soksi za sufu
na aproni yenye madoa ya bitiruti.
Akageuka taratibu, pembe zikakwaruza taa,
akanitazama kupitia upenyo
mwembamba kama tundu la kifungo.
Nikarudi hatua moja. Mwili hukumbuka.

"Mshono wa kisogoni," ikasema sauti kutoka ndani,
sauti iliyopata kuta,
"huo umeukata vizuri."
Akapapasa mezani, akakiona kikombe,
akakiinua hadi pale mdomo ulipopaswa kuwa,
na sote wawili tukaduwaa
chai ipitie wapi.